Nyumba ya Daktari wa Figo kando ya Mto Fox

Watu wengi wanaofika Plano, mji mdogo wa Illinois ulio mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka Chicago, wanalifuata jina la msanifu Ludwig Mies van der Rohe. Ni wasanifu majengo na wanafunzi wa usanifu, na baadhi wamevuka bahari kuja kuiona nyumba ya kioo aliyoichora kando ya Mto Fox. Mimi nilimfuata mwenye nyumba. Edith Farnsworth alikuwa daktari wa figo, nami ni muuguzi wa wagonjwa wa figo katika mji wa Aurora, unaopitiwa na mto huohuo kabla haujafika Plano.

Jina lake nililisikia kazini. Mgonjwa anayesafishwa damu hukaa kitini kwa muda wa saa nne hivi, mara tatu kwa wiki, na katika kukaa huko mazungumzo huwa marefu kuliko ya wodi nyingine yoyote. Mzee mmoja aliyekulia mashambani upande wa Plano aliniuliza kama nimewahi kuiona nyumba ya daktari wa figo inayoingiliwa na mto. Nikaanza kumsoma huyo daktari usiku, nikitoka zamu. Alizaliwa Chicago mwaka 1903, akaenda Italia kusomea fidla, kisha akarudi na kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, wakati ambapo wanawake katika madarasa hayo walikuwa wachache sana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa miongoni mwa madaktari waliojaribu homoni ya ACTH kwa wagonjwa wa nefritisi, yaani uvimbe wa figo. Mashine ninazoziendesha mimi kila siku zilikuwa bado hazijaenea, na mgonjwa ambaye figo zake zilikuwa zinakwisha hakuwa na mengi ya kutumainia. Daktari aliyebeba wagonjwa wa namna hiyo wiki nzima, nikajua, alihitaji mahali pa kupumzika. Hilo sikuhitaji kulisoma popote.

Na kwetu ni Rufiji. Nimezaliwa Mohoro, ambako mto ndio huleta chakula na mto huohuo ndio hubomoa nyumba. Kwa hiyo nyumba, figo na mto vilipokutana katika hadithi moja, safari ya Plano ilikuwa lazima.

Nyumba hufungwa miezi ya baridi kali, hivyo nilisubiri theluji iyeyuke. Unaliacha gari kwenye jengo la wageni, kisha unatembea kati ya miti huku mto ukiwa pembeni yako, mpaka nyumba itokeze, nyeupe, juu ya nguzo zake, kwenye uwanja wa majani. Haikai ardhini. Sakafu imeinuliwa futi 5 na inchi 3, yaani mita 1.6 hivi, na mtu akiinama anaona upande wa pili kwa chini. Mbele yake kuna jukwaa jingine lisilo na paa, la chini zaidi, ambalo unalipanda kwanza kwa ngazi pana, ndipo upande tena kufika barazani.

Kitu cha kwanza kilichonipitia kichwani ni dungu. Kwetu bondeni, msimu wa kilimo, watu huhamia kwenye vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti mirefu, wakilinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe, nyani na viboko, na maji yakija yapite chini yao. Babu yangu aliishi dunguni sehemu kubwa ya mwaka. Dungu ni miti, fito, kamba na makuti au nyasi. Hii ni chuma na kioo. Lakini wazo la kuuachia mto njia yake, na wewe ukakaa juu ukitazama, lilikuwa lilelile, na nilisimama pale uwanjani nikijisikia nimefika mahali ninapopafahamu.

Yenyewe ni chumba kimoja. Urefu ni futi 77 na upana futi 28, karibu mita 23.5 kwa 8.5, na ncha ya magharibi imeachwa wazi kuwa baraza lenye paa. Kinachoibeba ni nguzo 8 za chuma, nne upande wa mtoni na nne upande wa pili, zikiachana kwa futi 22. Nguzo hazikusimama chini ya sakafu kama tulivyozoea. Zimepita ubavuni mwake, zikaishika kwa nje sakafu na paa vyote viwili, ndiyo maana ukiitazama kwa mbali unaona mabamba mawili yaliyoning'inia hewani na kioo kitupu katikati yake. Hakuna bolti inayoonekana. Kila kiungo kimechomelewa, kisha makovu ya uchomeleaji yakasuguliwa mpaka yakafutika kabisa, ndipo chuma kikapakwa rangi nyeupe.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea Mbagala, anatengeneza mageti na grili. Nilimtumia picha za viungo vile kwa simu. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti mrefu, akishangaa jinsi walivyofanya pembe zile zisikunje wakati wa moto, na akamalizia kwa swali la fundi: rangi nyeupe juu ya chuma, kando ya mto, inarudiwa kila baada ya muda gani? Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye matembezi yale. Nyumba ya namna hii haitunzwi kwa kuiacha ilivyo. Kutu haipumziki, mawe ya travatini ya sakafuni yanapasuliwa na maji yanayoingia na kuganda, vioo vinatoa jasho wakati wa baridi kwa sababu ni vya tabaka moja. Kila kinachoonekana chepesi pale kinashikiliwa na kazi ya watu wengi wasiotajwa.

Ndani hakuna ukuta wa kugawa vyumba. Katikati limesimama sanduku kubwa la mbao za primavera, lenye rangi ya asali, ambalo limeficha bafu mbili, mitambo na mabomba. Upande mmoja wake ni jiko refu jembamba, upande wa pili mahali pa kuwashia moto. Hata maji ya mvua ya paani yanashukia ndani ya sanduku hilo, yakatoka chini ya nyumba pamoja na mabomba mengine yote kwa mfereji mmoja. Sehemu ya kulala, ya kula na ya kukaa zinajulikana kwa samani tu. Na kote unakogeukia, mto, miti, majani, anga. Siku niliyoingia mvua ilikuwa ikinyesha kwa utulivu, na niliiona ikianguka pande zote nne kwa wakati mmoja huku nimesimama mahali pakavu. Nimeishi nchini Marekani miaka mingi, katika nyumba za kupanga zenye madirisha madogo na taa zinazowaka mchana, na sikuwahi kujisikia niko ndani ya nchi yenyewe kama nilivyojisikia katika chumba kile. Hayo ni kweli na nayasema kabla ya mengine, kwa sababu mengine nitakayoyasema hayaifuti furaha ile.

Edith alikutana na Mies kwenye chakula cha jioni mwaka 1945. Alikuwa amenunua ekari 9 kando ya mto na alitaka nyumba ya mapumziko ya mwisho wa wiki. Mfano wa nyumba ulionyeshwa mwaka 1947 katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa mjini New York, kabla hata msingi haujachimbwa. Ujenzi ukaanza 1949 na kumalizika 1951. Gharama zilipanda hadi kufika dola 74,000 hivi, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Kisha wakapelekana mahakamani. Mies alidai ada yake, Edith naye akadai kwamba gharama zilivuka walichokubaliana, na kesi ikasikilizwa mwaka 1952 katika mji jirani wa Yorkville. Uamuzi ulimwelekea Mies.

Kwa miaka mingi ugomvi huo ulisimuliwa kama kisa cha mwanamke aliyependa akakosa, na sioni sababu ya kuurudia uvumi ule hapa. Kilichonigusa mimi ni jambo kavu kabisa: hawakuwa na mkataba wa maandishi kuhusu malipo. Watu wawili wasomi, mmoja ana jina kubwa katika ujenzi na mwingine daktari wa hospitali kubwa, walijenga nyumba ya maelfu ya dola kwa kuaminiana na kwa makadirio yaliyokuwa yakibadilika kadiri chuma kilivyopanda bei. Sisi tunaojenga nyumbani tukiwa ughaibuni tunalijua jambo hili vizuri mno. Unatuma hela, unapokea picha ya tofali, unatuma tena, unaambiwa saruji imepanda, na siku mnapokorofishana hakuna karatasi ya kuwarudisha mlipoanzia. Ninawajua wanawake wenzangu, hapahapa Illinois, waliopoteza ndugu kwa sababu ya boma lililoishia kwenye lenta.

Lakini ugomvi wa fedha ulinifunza kidogo kuliko maisha ya humo ndani. Edith aliimiliki nyumba ile kwa miaka 20 hivi. Kiangazi, jua la Illinois lilipiga kioo na ndani pakawa tanuri. Mti mkubwa wa mepo uliokuwa upande wa kusini ndio uliompa kivuli. Hewa ilitegemea mlango na madirisha mawili madogo ya kufunguka upande wa chumba cha kulala, basi. Majira ya baridi, vioo vililowa kwa ndani. Usiku akiwasha taa, wadudu wa mtoni waliijia nyumba nzima, na mbu wa kando ya mto sihitaji kumweleza mtu aliyekulia bondeni. Hatimaye alifunga nyavu kuzunguka baraza. Alihitaji pia mahali pa kutundika nguo, maana katika chumba cha kioo kila unachokiweka kinaonekana, na kabati la mbao za mtiki likatengenezwa ambalo pia liliukinga upande wa kulala. Na walikuja watu, wenye kamera na wasio nazo, kuitazama nyumba maarufu huku mwenyewe akiwa ndani.

Nilipofika mahali kitanda kilipo nilisimama muda mrefu. Mimi ni mwanamke wa Kiislamu wa pwani, nimelelewa katika nyumba ambayo mgeni anaishia barazani na uwani ni kwa wenyewe. Nilijaribu kufikiri ningelalaje pale, ningebadilisha nguo wapi, ningeswali wapi usiku taa ikiwa imewaka na giza limejaa nje. Waliokuwa pamoja nami walikuwa wakizungumzia uwiano wa nguzo na upana wa vioo. Uwiano ni mzuri, nauona hata mimi. Lakini kwa kazi yangu nimezoea kuangalia kwanza mtu yuko katika hali gani. Kitanda cha hospitali chenye pazia lisilofungika vizuri humnyima mgonjwa usingizi hata kama mashine zote zinafanya kazi ipasavyo, na sijawahi kumwambia mgonjwa kwamba haoni uzuri wa wodi. Edith alipolalamika hadharani mwaka 1953 wapo waliomwona hana shukrani. Nilivyosimama pale niliona mtu aliyekuwa akisema ukweli kuhusu usiku wake.

Mwaka 1972 aliiuza kwa Peter Palumbo, Mwingereza tajiri mpenzi wa majengo ya Mies. Kabla ya hapo kaunti ilikuwa imechukua sehemu ya ardhi yake ili kupitisha barabara na daraja jipya. Alipinga, akashindwa, na magari yakaanza kupita karibu na utulivu wake. Hapo pia msomaji wa kwetu hahitaji maelezo mengi, anayajua maumivu ya alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta. Edith akahamia Italia, karibu na Florence, ambako alitafsiri mashairi ya Eugenio Montale kwa Kiingereza, na alifariki huko mwaka 1977. Palumbo aliondoa zile nyavu, akaweka kiyoyozi na kuirudisha nyumba karibu na mchoro wa kwanza, akimtumia msanifu Dirk Lohan, mjukuu wa Mies. Ni mtu aliyeipenda kweli na kuitunza kwa fedha nyingi. Bado naona kuna jambo la kufikiria katika nyavu kutolewa na kiyoyozi kuingizwa: joto na mbu vilikuwa vya kweli kwa mmiliki wa pili kama vilivyokuwa kwa wa kwanza.

Sasa mto. Nyumba iliwekwa katika bonde la mafuriko kwa makusudi, na urefu wa nguzo ulipangwa kwa kiwango ambacho maji hayakutarajiwa kukivuka. Mwaka 1954, miaka mitatu tu baada ya kukamilika, maji yaliingia ndani kwa kina cha futi kadhaa. Mabaya zaidi yalikuja Julai 1996. Kwa muda wa saa 24 mji wetu wa Aurora ulipokea inchi 16.91 za mvua, karibu milimita 430, ambayo ni rekodi ya jimbo zima la Illinois. Wenzangu wa kazini wenye umri wanaikumbuka siku hiyo, magari yakielea, vyumba vya chini ya nyumba vikijaa hadi dari. Maji yale yote yalikuwa na njia moja ya kutokea, nayo inapita Plano. Yaliingia katika nyumba ya kioo kwa kina cha futi 5 hivi juu ya sakafu, yakavunja vioo, yakabomoa sanduku la mbao na kuchukua samani na kazi za sanaa. Septemba 2008 yakarudi, mara hii karibu nusu mita ndani. Wafanyakazi waliwahi kuinua samani nyingi, lakini kabati la Edith lilikuwa kubwa mno, likaloa. Limekarabatiwa na siku hizi huonyeshwa mahali pake pa pekee, nje ya nyumba.

Mafuriko yamezidi kwa sababu zinazoeleweka. Katika miaka ya 1940 nchi ya juu ya mto ilikuwa mashamba ya mahindi na vijiji. Leo ni vitongoji vya Chicago, mapaa, lami, maegesho ya maduka, na mvua inayoanguka juu yake haina udongo wa kuinywa. Inakimbilia mtoni kwa saa chache. Maegesho ya kituo ninachofanyia kazi ni sehemu ya hesabu hiyo. Mies aliuliza maswali ya mto wa siku zake na mto ukaja kubadilishwa na watu wa juu yake. Kwetu Rufiji habari ni hiyohiyo kwa sura nyingine: wa chini hupokea yanayofanywa na wa juu, na hakuna anayewauliza.

Wahandisi wamependekeza njia kadhaa za kuiokoa. Moja ni kuihamishia mahali pa juu zaidi ndani ya eneo lile. Nyingine ni kuinua ardhi iliyo chini yake. Nyingine ni kuchimba shimo na kuweka jeki za haidroliki zitakazoinyanyua nyumba nzima maji yanapokuja, kisha kuishusha. Wapo wanaocheka wazo la jeki. Mimi ndilo ninaloliunga mkono, na sababu yangu inatoka kwa Babu. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda nchi ya juu, katika vijiji vipya, kwa nia ya kuwaokoa na kuwaletea shule na zahanati. Shule zilikuja kweli. Lakini udongo wenye rutuba ulibaki chini, na kilimo cha mlau, kile cha kupanda maji yanapopungua, hakifanyiki mlimani. Babu alipewa kiwanja juu na akaendelea kushuka bondeni kila msimu mpaka miguu ilipomkatalia. Nyumba ya Edith ikipelekwa juu, mbali na mto, itasalimika, na itakuwa imetenganishwa na kitu pekee kilichoifanya ijengwe. Afadhali ipande na kushuka na maji.

Kwamba ipo hadi leo kuna watu wa kuwashukuru. Palumbo alipoamua kuiuza, kulikuwa na hofu kwamba mnunuzi angeweza kuifungua vipande na kuipeleka jimbo lingine. Desemba 2003 ilipigwa mnada New York, na shirika la National Trust for Historic Preservation pamoja na wenzao wa Illinois wakaipata kwa dola milioni 7.5, fedha zilizochangwa na wapenzi wa majengo kwa haraka kubwa. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa umma. Na mwaka 2021 walifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mnada: waliipa rasmi jina lake kamili, Nyumba ya Edith Farnsworth. Kabla ya hapo walikuwa wameweka maonyesho ya kuirudisha ndani kama alivyoishi yeye mwenyewe, kwa samani alizozichagua, badala ya zile ambazo wapenzi wa Mies wangependa kuziona. Fidla yake, vitabu, udaktari wake, vyote vinatajwa sasa. Nilimweleza muongozaji wetu kuhusu ACTH na wagonjwa wa nefritisi na akanisikiliza kwa makini, akaniuliza maswali mazuri, na kwa dakika chache kundi zima likamzungumzia daktari badala ya chuma.

Mwaka 2024 mvua za masika zilipozidi, maji ya Rufiji yaliingia vijiji vingi vya bondeni, na nyumba ya udongo ya Mama ikaanguka. Alhamdulillah, yeye alikuwa ameshatoka. Tukakubaliana ndugu wote kumjengea upande wa juu, karibu na barabara kuu. Wadogo zangu wa Dar es Salaam wakaleta ramani ndani ya wiki moja: nyumba ya kuficha bati, sebule kubwa yenye kioo kutoka sakafuni hadi juu, vyumba vitatu, kimoja masta, jiko la ndani lenye kabati za kuning'inia. Picha yake ilipendeza, na ninaelewa kwa nini waliipenda. Lakini nilikuwa nimetoka Plano, nikauliza ni nani amemsomea Mama ile ramani. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo. Kila mmoja wetu alitaka kumshangaza kwa zawadi.

Nikampigia. Nilimwelekeza chumba kwa chumba, naye akaniacha nimalize, kisha akaanza kuuliza. Mpunga nitauanika wapi, mwanangu? Wajukuu wakija wote Idi watalala wapi, kwa sababu vitanda vitatu havitoshi ila mikeka inatosha. Wanaume wakija kwa msiba watakaa wapi? Moshi wa kuni utatokea wapi, maana gesi hiyo mnayosema ikiisha siku ya mvua nani atakwenda kuijaza? Na jua la mchana, hilo lioo linaangalia magharibi au mashariki? Alikuwa hajawahi kushika ramani maishani mwake, na maswali yake matano yalitosha kuibomoa ile yetu.

Tuliichora upya naye akiwa kwenye simu, mdogo wangu akishika penseli. Likaingia baraza refu la mbele lenye kivuli, jiko la nje, stoo ya mpunga iliyoinuliwa, uwa wenye ukuta wa kutosha mtu kukaa bila kujitanda. Bati likaachwa lionekane, limeinuka vizuri ili maji yashuke na hewa ya moto ipate pa kwenda. Madirisha yote na nyavu, hata la choo. Kisha tukaandikiana mkataba na fundi: kazi gani, kwa awamu zipi, kiasi gani kila awamu ikikaguliwa, na bei ya saruji ikipanda tutakaa vipi. Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo, mstaarabu, na alisema kazi ya maandishi inampa amani naye, kwa kuwa ameshadhulumiwa na wenye nyumba wa mbali kuliko watu wanavyodhani.

Jambo moja tu Mama hakutaka tubishane. Bondeni atashuka. Shamba la mlau ni lake tangu kwa babu yake, na maji yalipopungua alimtuma mjomba akate miti, na dungu jipya likasimama kabla hata msingi wa nyumba ya juu haujamwagwa zege. Kaka alikasirika. Mimi sikukasirika, nilimwomba mjomba tu apime alama ya maji ya 2024 kwenye mti wa mwembe uliobaki, kisha aongeze juu yake urefu wa mtu mzima.

Baadaye nilimtumia Mama picha nilizopiga Plano, za nyumba nyeupe na mto nyuma yake, nikamweleza habari za Edith, daktari wa figo, asiye na mtoto wala mume, aliyekaa pale peke yake na mbu wake. Alizitazama siku kadhaa, kwa maelezo ya mdogo wangu, akiwaonyesha na majirani. Nilitegemea angeshangaa mtu kuishi ndani ya kioo. Alinipigia mwenyewe, jambo analolifanya mara chache kwa kuogopa gharama. Akasema yule mama alikuwa na akili ya kutaka kuuona mto, ila hakupata wa kumsikiliza kwa mengine. Halafu akaomba: chumba chake yeye, ukuta wa upande wa bondeni, awekewe dirisha kubwa. Kubwa kabisa, aone maji yakipanda na yakishuka akiwa kitandani. Liwe na pazia zito, nyavu na grili.

Fundi alisema dirisha la upana ule linahitaji lenta nene zaidi, na tumeongeza fedha ya nondo. Fremu na grili anatengeneza Kaka Mbagala. Amechomelea pembe kama zile za Plano na anasema kuzisugua zipotee kumemchukua muda kuliko geti zima. Sasa zinasubiri rangi ya pili, kisha zitapakiwa kwenye lori linalokwenda kusini wiki ijayo.